Mkono wa Mchapaji: Mpangilio, Umbo au Mkao?

Misuli inayokunja vidole, kwa sehemu kubwa, haiko kwenye vidole. Iko kwenye kigasha, kati ya kiwiko na kifundo cha mkono, na huvivuta vidole kwa kano ndefu. Kano tisa kati ya hizo hupita pamoja katika mfereji mwembamba wa kifundo: chini na pembeni umezungukwa na mifupa midogo minane, juu umefunikwa na utepe mgumu usiotanuka. Katika mfereji huohuo hupita neva ya kati, inayobeba hisia za kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete. Kifundo kikinyooka, vyote hivyo vinaenea. Kikikunjwa juu au chini, shinikizo ndani ya mfereji hupanda, na neva ndiyo huumia mapema kwa kuwa ndiyo laini zaidi.

Kibodi ya kawaida, ubao mmoja wa mstatili, humpinda mchapaji kwa namna tatu kwa mpigo. Viganja hulazwa kabisa vikitazama meza, jambo linalosokota mifupa miwili ya kigasha. Mikono hutoka kwenye mabega kwa mshazari kuelekea katikati, kisha vifundo hupindwa upande wa kidole cha mwisho ili vidole vifuate safu za vitufe. Na kwa kuwa nyuma ya kibodi huwa juu kuliko mbele, viganja huinuliwa. Kila pindo peke yake si kubwa. Shida ni kukaa nalo kwa saa sita au nane, siku tano kwa wiki.

Tatizo lenyewe lilikuwapo kabla ya kibodi. Tabibu Mwitaliano Bernardino Ramazzini, katika toleo la mwaka 1713 la kitabu chake kuhusu magonjwa ya wafanyakazi, aliwaandikia makarani sababu tatu za maradhi yao: kukaa kitako muda mrefu, kurudiarudia mwendo uleule wa mkono, na kukaza akili wasikosee. Walichoshika kilikuwa unyoya na wino. Mashine ya chapa na kompyuta zilibadili chombo, sababu zikabaki. Katika miaka ya 1980 Australia ilikumbwa na wimbi la malalamiko ya maumivu ya mikono miongoni mwa wafanyakazi wa ofisini, kiasi kwamba suala hilo liliingia mahakamani na kwenye vyama vya wafanyakazi.

Mada ya mjadala basi ni hii: mchapaji anayeanza kuumwa aanzie wapi? Abadili umbo la kibodi, abadili mpangilio wa herufi, au aache vyote na kurekebisha mkao? Wanaojibu hapa ni wanne: mtetezi wa umbo, mtetezi wa mpangilio, tabibu wa viungo, na katibu muhtasi ambaye kazi yake ya kila siku ni kuchapa kwa Kiswahili.

MTETEZI WA UMBO: Mwili wa binadamu haubadiliki, basi kibodi ndiyo ibadilike. Wazo hili si la jana. Mjerumani E. A. Klockenberg alipendekeza mwaka 1926 kwamba vitufe vigawanywe mafungu mawili, la kulia na la kushoto, na kila fungu liinamishwe kuufuata mkono wake. Mwaka 1972 Karl Kroemer alilirudia wazo hilo kwa vipimo vya kisayansi. Huko Uingereza, katika miaka ya 1970, Lillian Malt aliyekuwa akifundisha wachapaji na mhandisi Stephen Hobday walibuni Maltron, kibodi yenye mabonde mawili ya vitufe yanayofuata urefu tofauti wa vidole. Mwaka 1994 Microsoft ikatoa kibodi yake ya Natural, na umbo lililogawanywa likaanza kuonekana katika ofisi za kawaida. Faida yake inaelezeka bila fumbo: mafungu yakitengana, vifundo havipindwi tena upande wa kidole cha mwisho; na katikati pakiinuliwa kidogo, kigasha hakisokotwi sana.

TABIBU: Kupungua kwa pindo kumepimwa na hakuna ubishi. Swali ni kama maumivu nayo hupungua. Utafiti mmoja mzuri, uliochapishwa Marekani mwaka 1999, uliwafuatilia watumiaji 80 wa kompyuta waliokuwa tayari na maumivu, ukawagawia kibodi za aina mbalimbali kwa miezi sita. Waliopewa kibodi ya Natural waliripoti maumivu kupungua kuliko waliopewa ya kawaida. Lakini nafuu haikuja wiki ya kwanza, ilichukua miezi. Na vipimo vya kitabibu havikuonyesha mabadiliko yaliyolingana na nafuu iliyosemwa. Kwa hiyo umbo linasaidia baadhi ya watu, polepole, na si haki kuliuza kama dawa.

Anachokitaja tabibu kama hatua ya kwanza hakiuzwi dukani. Karibu kila kibodi ina vijiguu viwili nyuma. Watu wengi huvisimamisha mara tu wanapoifungua boksini, wakidhani vimewekwa kwa ajili ya kurahisisha uchapaji, kumbe vinaongeza lile pindo la viganja kuelekea juu. Kuvikunja ni bure. Kuinua upande wa mbele, ule ulio karibu na tumbo, ili kibodi iteremke kuelekea kwenye skrini, husaidia zaidi; kibodi ya Natural ya mwaka 1994 ilikuja na vijiguu vya mbele kwa sababu hiyohiyo. Kisha urefu wa meza: viwiko vikae pembeni mwa mwili, vimekunjwa takriban pembe mraba, na kibodi iwe usawa wake au chini kidogo. Meza nyingi za ofisi zilitengenezwa kwa kuandikia kwa kalamu, na kwa mchapaji ziko juu mno. Kiti kikiinuliwa na miguu ikaning'inia, panahitajika kibao cha kukanyagia. Mto wa mbele ya kibodi ni wa kupumzishia viganja kati ya sentensi na sentensi. Anayechapa huku ameviegemeza hapo anabana mfereji uleule anaotaka kuulinda.

Upande mwingine unaosahaulika ni mausi. Kibodi yenye fungu la tarakimu upande wa kulia huisukuma mausi mbali, na bega hufanya kazi ya kuunyoosha mkono kutwa nzima. Kwa asiyeingiza hesabu, kibodi fupi isiyo na fungu hilo huondoa mzigo mkubwa kwa bei ndogo.

MTETEZI WA MPANGILIO: Yote hayo yanahusu mahali mkono ulipo. Hakuna aliyeuliza vidole vinatembea umbali gani. Mpangilio wa QWERTY ulitokana na mashine ya Christopher Latham Sholes wa Milwaukee, iliyopata hataza yake ya kwanza mwaka 1868 na kuingia sokoni kupitia kampuni ya Remington mwaka 1874. Haukubuniwa kwa kuzingatia afya ya vidole. Uchapaji wa vidole kumi bila kutazama ulikuwa haujaenea bado. August Dvorak, profesa wa Chuo Kikuu cha Washington huko Seattle, pamoja na shemeji yake William Dealey, walipanga herufi upya na kupata hataza mwaka 1936. Irabu zote tano ziliwekwa mstari wa kati chini ya mkono wa kushoto, na konsonanti zinazotumika sana chini ya mkono wa kulia. Kwa Kiingereza, wanaoutetea wanahesabu takriban asilimia 70 ya mapigo kwenye mstari wa kati, dhidi ya asilimia 32 hivi za QWERTY. Vidole visivyoruka juu na chini huchoka kidogo.

TABIBU: Lakini ushahidi uliopiganiwa kwa miaka mingi ulihusu kasi. Jaribio la Jeshi la Wanamaji la Marekani la mwaka 1944 liliusifu mpangilio wa Dvorak. Jaribio la serikali ya nchi hiyohiyo la mwaka 1956, chini ya Earle Strong, halikuona sababu ya kubadili. Wanauchumi nao waliligombania jambo hilo: Paul David mwaka 1985 akaitaja QWERTY kuwa mfano wa jamii kunaswa katika chaguo la zamani, na Liebowitz na Margolis wakampinga mwaka 1990. Katika mabishano hayo yote, mkono unaouma haukuwa mada. Mtu anaweza kuchapa haraka na akaumia, au akachapa taratibu na akaumia pia.

KATIBU MUHTASI: Kuna jambo jingine. Asilimia hizo ni za Kiingereza. Barua, mihtasari ya vikao na hati za ofisi nyingi za Tanzania ni za Kiswahili. Nani amekihesabu Kiswahili?

Swali la katibu ndilo lenye uzito kuliko yote yaliyotangulia, na linajibika kwa kuitazama kibodi tu. Silabi nyingi za Kiswahili ni konsonanti ikifuatwa na irabu, na irabu inayotawala ni a, ambayo katika maandishi ya kawaida huchukua takriban herufi moja kati ya kila tano. Katika neno "watakapowasaidia" zipo a sita kati ya herufi kumi na sita. Kwenye QWERTY, a iko chini ya kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kidole chembamba kuliko vyote, ambacho pia hubeba Shift, Tab na z. Neno "za" lote huchapwa na kidole hicho kimoja. Neno "wataweza" huchapwa lote kwa mkono wa kushoto, na nusu ya herufi zake nane ni za kidole hicho cha mwisho.

Mkono wa kulia nao una mzigo wake. Kidole cha shahada cha kulia kimepewa h, j, y, u, n na m, herufi ambazo Kiswahili hukaa kikizitumia pamoja. "Huyu" ni neno la herufi nne, na anayechapa kwa kanuni za vidole kumi hulichapa lote kwa kidole hicho. "Muhimu" ni mapigo sita ya mkono wa kulia, matano yakiwa ya kidole kilekile kinachoruka kutoka mstari wa chini hadi wa juu. "Hujui" nayo iko hivyohivyo, i ya mwisho tu ndiyo inayokwenda kidole cha kati. Kidole kimoja kikipiga mara mbili mfululizo kwenye vitufe tofauti, lazima kiruke bila kupumzika, na miruko hiyo ndiyo wabunifu wa mipangilio hujitahidi kuipunguza.

MTETEZI WA MPANGILIO: Hapo hasa ndipo Dvorak inapong'ara. Irabu ziko kushoto, konsonanti nyingi ziko kulia, na silabi za Kiswahili ni konsonanti na irabu. Neno "muhimu" kwenye Dvorak hupokezana kulia, kushoto, kulia, kushoto hadi mwisho. "Za" pia hugawanywa: z kulia, a kushoto. Ungedhani mpangilio huo ulitengenezwa kwa lugha hii.

KATIBU MUHTASI: Uangaliwe tena. Kwenye Dvorak, k iko mstari wa chini, kidole cha shahada cha kushoto. U na i ni za kidole hichohicho. Basi kila "ku" na kila "ki" ni kidole kimoja kikiruka. Na Kiswahili bila "ku" na "ki" hakiandikiki: kuna vitenzi jina, kuna "akija", kuna kiti, kitabu, kijiji na Kiswahili chenyewe. P na y nazo ziko hapohapo, kwa hiyo "pi" na "yu" zinaingia kwenye hesabu.

Mtetezi wa mpangilio hana la kulipinga hilo, kwa sababu mtu yeyote mwenye picha ya kibodi hizo anaweza kulihakiki. Katika Kiingereza k ni herufi adimu, ndiyo maana Dvorak aliiweka pembeni bila wasiwasi. Mpangilio mwingine, Colemak, uliobuniwa na Shai Coleman mwaka 2006, unahamisha vitufe 17 tu kutoka QWERTY na kuacha z, x, c na v mahali pake, hivyo ni rahisi zaidi kujifunza. "Ku", "ki", "hu" na "mu" hugawanywa vizuri kati ya vidole. Lakini k, m, n, h na j zote zinaangukia kidole cha shahada cha kulia, na Kiswahili kinapenda kuziunganisha: mkono, mnyama, mhariri, mji, njia. Na "za" inabaki pale ilipokuwa.

Lililo zito zaidi ni kwamba mipangilio hiyo mitatu, QWERTY, Dvorak na Colemak, imeiacha a mahali palepale, chini ya kidole cha mwisho cha kushoto. Mchapaji wa Kiswahili anayehama kutoka mmoja hadi mwingine kwa matumaini ya kukipumzisha kidole hicho atajifunza upya kwa wiki nyingi na bado atakitumia mara zilezile kwa kila ukurasa, isipokuwa atapunguziwa z au kitufe kingine kilicho jirani.

Wasemaji wa Kiswahili wa mashariki mwa Kongo wana hali ngumu zaidi. Lubumbashi, Bukavu na Goma hutumia kibodi za AZERTY zilizotokana na desturi ya Kifaransa, na humo a iko mstari wa juu, mahali ambapo QWERTY inaweka q. Kidole cha mwisho hakipigi tu, hunyooka kwanza. M nayo iko upande wa kulia wa l, chini ya kidole cha mwisho cha kulia. Neno "mama" basi huchapwa kwa vidole viwili vidogo vya mwisho, kimoja kila upande. Ufaransa yenyewe ilitoa viwango vipya vya kibodi mwaka 2019, vikikubali AZERTY iliyoboreshwa na mpangilio wa BÉPO. Huu wa pili unairudisha a kwenye mstari wa kati, ingawa bado ni kwa kidole cha mwisho.

MTETEZI WA UMBO: Jibu liko kwenye Maltron ambayo mjadala umeipita haraka. Waliobuni kibodi hiyo waliona kwamba kidole gumba, chenye nguvu kuliko vyote, kimepewa kazi ya kubonyeza nafasi tu. Wakaiweka e, herufi inayotumika sana kuliko zote katika Kiingereza, chini ya kidole gumba cha kushoto. Kwa Kiswahili herufi ya kuwekwa hapo ni a. Kibodi yoyote yenye vitufe vya vidole gumba na programu ya kupanga vitufe upya inaweza kufanya hivyo.

MTETEZI WA MPANGILIO: Basi tunakubaliana. Umbo hutoa kitufe, mpangilio huamua herufi gani ikae hapo.

Makubaliano hayo ni ya kweli, na ndiyo sehemu ya mjadala inayostahili kufanyiwa kazi na wataalamu wa lugha na wahandisi wa Afrika Mashariki: kupanga herufi kwa takwimu za Kiswahili badala ya kuazima hesabu za lugha nyingine. Kiswahili kina bahati ya pekee hapa. Hakihitaji alama juu ya herufi, hakitumii q wala x, na c huja pamoja na h tu. Nafasi zipo za kutosha.

KATIBU MUHTASI: Lakini kompyuta ya ofisi si ya mtu mmoja. Leo inatumiwa na katibu, kesho na mhasibu, na kwenye duka la steshenari inatumiwa na yeyote aliye zamu. Kibodi yenye herufi zisizolingana na maandishi ya vitufe ni usumbufu kwa wengine, na anayehamia mpangilio mpya akirudi kwenye wa zamani hujikuta anakosea kila mahali.

Kwa mchapaji wa aina hiyo, ambaye ndiye wa kawaida, kuna hatua ndogo zisizomgusa mwenzake. Windows na macOS hushika mpangilio kwa akaunti ya mtumiaji, hivyo anayetaka kujaribu Dvorak anaweza kuuwasha kwenye akaunti yake peke yake. Upo tayari ndani ya mifumo hiyo. Anayeumwa na kushikilia Shift kwa kidole cha mwisho huku akipiga a kubwa anaweza kuwasha kipengele kinachomruhusu kubonyeza Shift, kuiachia, kisha kupiga herufi; kwenye Windows huamshwa kwa kubonyeza Shift mara tano mfululizo. Anaweza pia kufuata desturi ya wachapaji wa mashine za zamani ambayo wengi wa leo hawakufundishwa: herufi kubwa ya mkono wa kushoto hutumia Shift ya kulia.

Nguvu ya kupiga nayo ina sehemu yake. Vitufe laini vya kisasa huandika vikifikia nusu ya safari. Swichi za Cherry MX Red, kwa mfano, huhitaji nguvu ya takriban gramu 45 na huandika katika milimita 2 kati ya 4. Hata hivyo watu wengi hupiga hadi chini kwa nguvu inayozidi mara kadhaa ile inayohitajika, hasa waliojifunzia kwenye mashine za chapa au kwenye kibodi chakavu zenye vitufe vinavyokwama. Kibodi ya namna hiyo ibadilishwe kabla ya kufikiria umbo wala mpangilio. Kompyuta mpakato ina tatizo lake: skrini na kibodi vimeungana, hivyo mtumiaji huinamisha shingo au huinua mikono. Kibodi ya kawaida ya kuchomeka, hata ya bei ya chini, hulitatua.

TABIBU: Na iwekwe wazi kibodi inafikia wapi. Uchunguzi mkubwa wa Denmark uliochapishwa mwaka 2003 haukuona kwamba kuchapa kunasababisha sana kubanwa kwa neva ya kati. Wasiwasi uliojitokeza ulihusu zaidi matumizi ya mausi kwa zaidi ya saa 20 kwa wiki. Ujauzito, kisukari, tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri na baridi yabisi nazo huibana neva hiyo. Kwa hiyo si kila ganzi imeletwa na ofisi.

Dalili humwonyesha mgonjwa mahali pa kuanzia. Maumivu ya kigasha na uchovu unaotulia wikendi huelekeza kwenye mkao, muda wa kuchapa bila kupumzika na nguvu ya kupiga. Ganzi ya kidole cha mwisho na nusu ya kidole cha pete ni ya neva nyingine, inayopita nyuma ya kiwiko; anayeegemeza viwiko kwenye ukingo wa meza aanze kwa kuacha hivyo. Ganzi ya gumba, shahada na kidole cha kati, hasa ile inayomwamsha mtu usiku akakung'uta mkono, ndiyo ya neva ya kati. Gango la kunyoosha kifundo wakati wa kulala husaidia wengi katika hatua za mwanzo. Lakini nyama iliyo chini ya kidole gumba ikianza kupungua, au vikombe vikianza kuponyoka mkononi, neva imeshaumia, na anayehitajika ni daktari wa mifupa au wa neva bila kuchelewa, kwa kuwa neva iliyobanwa muda mrefu huenda isirudi katika hali yake hata baada ya upasuaji.